Jiko Lenye Vifundo

Muuza vyombo wa karibu na Kibuye
alipangusa kioo kwa mkono wa shati,
akasema: Mama, hili halina moto.
Mama akacheka hadi mkongojo ukamwanguka.
Jiko lisilo na moto
ni ng'ombe wa kwenye picha.
Utamkama saa ngapi?

Kijana hakuchoka.
Ni sumaku, akaeleza, yachemsha sufuria, haichemshi hewa.
Wagusa hapa, wagusa pale, kwisha.
Akaushika mkono wa mama, akauweka juu.
Vidole vikatembea pembe hadi pembe
kama mtu aliyetumwa nyumba asiyoijua
usiku, na mbwa hawabweki.
Laini. Laini. Laini.
"Hapa" yako ni wapi, mwanangu? Na "pale"?

Presha ya macho ilimla polepole,
kwanza pembeni, kisha ikaingia ndani,
kama mtoto alavyo chapati.
Amebakiwa na kivuli cha dirisha
na masikio ambayo maziwa hayajawahi kuyadanganya.
Nilimtoa Mbale mwezi wa nne
siku leso yake iliposhika moto mafigani
naye akaizima kwa maji ya ugali,
akanipigia simu kuniambia leso ilikuwa kuukuu.

Mimi nilikuwa nimejiandaa.
Usiku wa kuamkia pale dukani
niling'oa sumaku ya redio mbovu ya marehemu baba,
nikapita nayo kabatini.
Sufuria kumi na moja, zote zikaikataa.
Karai la kukaangia mbuta ndilo lililoing'ang'ania,
lile lenye tako la mviringo
lisilokaa popote likatulia.

Na ugali? mama akauliza, hakungoja jibu.
Akapanua miguu katikati ya duka,
kushoto sufuria ya hewa, kulia mwiko wa hewa,
akasonga.
Akasonga wa watu wanane, akasonga wa matanga,
kiwiko kikagonga friji,
mteja mmoja akamhamisha mtoto wake.
Kijana akatazama kioo, akatazama mabega ya mama,
akakivuta kioo kando, kidogo tu.

Tukazunguka.
La koili: wekundu wake ni habari ya wenye macho,
na likizimwa joto hubaki likivizia.
La gesi lenye mtungi tumboni: nilikataa mimi.
Kisha, konani, pasi nne zikiwa zimewekwa juu yake,
gesi mbili na sahani moja ya umeme,
rangi ya maziwa yaliyolala,
la mtindo ambao kijana aliona haya kuutajia bei.

Mama akalipapasa ubavu. Akasimama.
Ta.
Akarudisha. Ta.
Vifundo vitatu vya kuzungusha, vigumu kidogo,
na vifundo vya vidole vyake, vilivyovimba kwa baridi yabisi,
vikakutana navyo kama jamaa kwenye harusi.
Hili linasema, akasema.
Lile jingine lilikuwa linaninyamazia.

Fundi Odemba alitoboa ukuta,
mtungi ukalala nje na kufuli yake.
Nikagundisha punje ya mahindi penye kuzima,
na punje ya haragwe penye moto mdogo.
Mama akaibandua ya haragwe kwa ukucha.
Nionyeshe nyumbani, akasema,
kwingine nitatembea mwenyewe.

Jioni ya kwanza stima ikapotea Mamboleo nzima.
Nikapapasa meza nikitafuta simu,
nikaukwaa mguu wa stuli,
nikamwaga chai, nikatukana.
Jikoni: ta. Ta. Kisha puf,
pumzi ndogo ya buluu mlangoni,
na mrenda ukaanza kunong'ona na magadi.

Kaa chini, mama akaniambia gizani.
Utakuja kutumwagia chakula.