Lawasha?

Kovu langu lina miaka arobaini na mitatu
na bado halijajua kulala.
Kaskazi ikishika, jasho likitambaa chini ya buibui,
huamka kabla yangu,
likaanza, chaku, chaku, chaku,
kama kuku jaani.

Laanzia kiwikoni, lateremka hadi penye bangili,
limevimba, lang'aa,
rangi ya zambarau iliyosahauliwa mtini.
Watoto wa hapa Limbani wasema ni mjusi
kanasa chini ya ngozi.
Nawaambia ndiyo. Msimwamshe.

Usilikune. Hilo la kwanza.
Kucha ni mashahidi wa uongo:
zakuahidi raha, zakuachia damu.
Ligonge kwa kiganja, taratibu,
kama unayembembeleza mtoto wa mtu.
Kisha kipande cha kanga kuukuu,
ile iliyofutika hata jina lake,
kichovye maji ya mtungi
(si ya friji; ya friji huliudhi)
ukiache hapo mpaka mkono usahau.

Shubiri mwiba ninayo uani, ndani ya kopo la rangi.
Navunja jani, naliinamisha,
yale maji ya manjano yachuruzike kwanza.
Hayo huwasha kuliko kovu lenyewe, nimeyajua kwa kujuta.
Ndipo uje ule ute,
baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri.

Liwa nayo nimejaribu.
Bi Asaa aliisaga juu ya kijiwe, akanipaka hadi kwapani.
Nikanukia biharusi wiki nzima
na kovu likawasha vile vile.

Lakini mafuta ya nazi,
hapo ndipo aingiapo Salhina.

Huja kutoka Chake mwisho wa mwezi,
na chupa iliyozibwa kwa gunzi la hindi.
Kayapika mwenyewe: nazi kumi, tui zito, moto mdogo,
mpaka mashapo yageuke kahawia
na majirani waulize kuna nini leo.
Kiti hakitaki. Huvuta busati,
huuchukua mkono wangu mapajani pake
kama barua aliyopewa amfikishie mwingine.
"Lawasha?"
"Lawasha."

Vidole vyake vyalijua kuliko mimi.
Vyajua linapopinda,
vyajua pale ngozi ilipobaki ganda la kitunguu,
hapo hupita juu juu, kama havipo.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho.
Mimi miaka tisa, yeye kumi na miwili,
sufuria ya shira ya kaimati kati yetu,
kila mmoja kashika upande wake kwa kitambaa.
Njaa. Magharibi yakaribia. Paka akapita.
Mimi sikuachia.

Shira haimwagiki kama maji.
Hushika, huganda, hukaa kitako.

Mama alisema, paka.
Baba alisema, kadari.
Mtaa mzima ukasema, jicho.
Salhina hakusema kitu. Alikwenda uani,
akapanda juu ya mbuzi,
akakuna nazi zote za nyumba ile,
na alipomaliza nazi akakuna kifuu,
mpaka wakamwondoa.

Tangu siku ile yeye ndiye akunaye,
ili mimi nisijikune.

Jana kaja tena. Magoti yamsumbua,
ngazi tatu za barazani kazipanda kwa vituo viwili.
Vuli imenyesha, hewa imepoa,
kovu langu limelala fofofo tangu Jumatatu.

Akazibua gunzi. Akamimina kiganjani.
"Lawasha?"

Nikamtazama: mvi zachungulia ukingoni mwa mtandio,
na kwenye kidole cha shahada
kile kialama cheupe, cha meno ya mbuzi,
ambacho hakuna aliyewahi kukipaka chochote.

Nikakunja mkono wa gauni.
"Sana," nikasema. "Hapa.
Na hapa."