Kisanduku cha Watoto

Kalamu imefungwa uzi mezani,
uzi mfupi kuliko mkono wangu.
Nainama. Fomu inauliza:
idadi ya watoto katika kaya.

Naandika wanne. Mtendaji anakohoa.
"Vyeti ni vitatu, mama Chausiku."

Vitatu, ndiyo. Navifunga kwenye rambo
tangu maji ya Msimbazi yalipoingia chumbani
na kadi ya kliniki ya Pazi ikawa uji.

Wa nne kaachwa na marehemu mdogo wangu.
Alifika Vingunguti na sare ya shule nyingine,
viatu viwili, vyote vya kulia.
Hana cheti.
Ana sufuria anayoikwangua,
ana upande wake wa mkeka,
ana homa inayoniita kwa jina usiku wa manane.

"Homa haina namba," anasema, bila ubaya;
macho yamemwiva,
foleni imemfikia muuza chapati.
"Nenda RITA. Rudi Jumatatu."

Nakata wanne. Naandika watatu.
Wino unavuja hadi upande wa pili.

Usiku nasonga ugali.
Mkono haujasoma fomu:
unakata mafungu manne,
mimi nabanduа ukoko.