Kulikiza

Daktari wa wanyama aliniambia: subiri macho.
Usiwape kigumu kabla hawajaona wanachotafuna.
Nikasubiri, mimi Bogumila, kondakta mstaafu
wa treni ya kwenda Suwałki,
miaka thelathini na moja nikiwaharakisha watu wapande.

Msonobari waliozaliwa uliangushwa kwa msumeno
siku ya Jumanne, mama yao chini yake.
Watatu walikuja ndani ya kofia ya mkata miti,
wekundu, bila manyoya, hakuna aliyezidi kidole gumba,
wakitafuta chuchu katika sufi ya kofia.

Sirinji zilikuwepo.
Droo ya pili, chini ya bili za umeme,
zilizobaki za Wincenty.
Sikununua hata moja.

Siku ya thelathini na tatu likafumbuka jicho,
jeusi, limelowa,
kama punje ya pilipili manga iliyoangukia mchuzini.
Likanitazama. Likagundua mimi si mti.

Nikaanza na vidonge vya kahawia, chakula cha panya wa maabara,
vigumu, havina harufu, havina ahadi yoyote.
Kwanza hivyo, alisema daktari, na kila siku hivyo,
ndipo brokoli, ndipo kipande cha kiazi kitamu
kisichozidi ukucha, ndipo tofaa, kidogo, kama zawadi.
Kokwa mwisho kabisa.
Wakizionja mapema hawatagusa kingine,
na mifupa yao itakatika kama njiti za kiberiti
huku wamenona.

Jirani Zdzisław wa ghorofa ya juu hakutaka kusikia.
Alileta mfuko wa jozi kutoka kwa dada yake,
akauweka mezani kama anayeleta posa.
"Kindi gani asiyekula jozi?"
Nikamwuliza: na mtoto gani anayelelewa kwa keki?
Akaondoka, mfuko akauacha.
Jozi. Hata neno lenyewe linataka wawili.

Wa kwanza alikamata kidonge kwa mikono yote miwili,
akakizungusha kama mtu anayekagua tiketi.
Nilimtambua. Akauma pembeni.
Sauti ile! Krr, krr, usiku kucha jikoni,
panya wa halali.
Wa pili alimwiga wa kwanza, kisha akamwibia.

Wa tatu, jike dogo, gramu themanini na nne
juu ya mizani ya unga,
alikinusa, akakisukuma kwa pua,
akanigeukia, mdomo wazi, akiidai sirinji.
Wanasema mwenye njaa hana miiko.
Huyu alikuwa na njaa, na miiko yake yote.
Nilimpondea kidonge katika maziwa:
akayanyonya maziwa, akaacha unga kwenye ndevu.
Nilimpa tofaa: akalilalia.

Njia hii naijua, ila niliipita ikirudi.
Mkate, kisha mkate usio na ganda,
kisha uji, kisha mchuzi uliochujwa,
kisha mililita tano, mbili, moja,
kwenye pembe ya mdomo, nikingoja koo lipande na kushuka.
Kila kituo kuna kitu kilichoshuka, hakikupanda tena.
Sikujua kwamba reli hiyohiyo ina upande wa kwenda.

Siku nane alikataa. Asubuhi ya tisa
bakuli lilikuwa tupu, na tumbo lake bado bapa.
Amevipeleka wapi? Nilikung'uta blanketi,
nikatazama nyuma ya jiko, ndani ya mfuko wa aproni.
Mizani ikasema themanini na sita.
Kesho yake, tisini.

Mwezi wa Agosti nilifungua kizimba msituni.
Hakuna aliyegeuka. Ndivyo inavyotakiwa.

Leo theluji ya kwanza. Nimevuta buti za Wincenty,
hunikaa nikivaa soksi mbili,
na kule mbele, mahali pa kidole gumba,
mguu umekanyaga changarawe.
Vidonge kumi na saba,
kila kimoja na alama ya jino ukingoni.

Nimekaa kwenye ngazi. Nimetia kimoja mdomoni.
Hakina ladha.
Nimekitafuna hivyohivyo.