Jina la Ngoma

Februari, Sohar, chuo cha ufundi nyuma ya barabara ya bandari.
Kazi yangu ni nyaya.
Nazikunja, nazikunjua, nawabana wageni kipaza sauti kifuani
kama mama anayefunga watoto vifungo asubuhi ya shule.

Bango limetundikwa tangu saa tisa,
na kiyoyozi kimekwisha bandua herufi moja, ile ain.
Kwa Kiarabu, pasipo ain,
muziki wa ulimwengu husomeka muziki wa maumivu.
Mkuu wa chuo kapita chini yake mara mbili.
Mimi kimya. Mkataba wangu hautaji tahajia.

Akaanza Bi Marivic wa uuguzi na ala yake ya nyuzi kumi na nne;
kuzilinganisha kulichukua muda kuliko wimbo wenyewe,
na watu wakaupigia makofi ule ulinganishaji
wakidhani ndio wimbo.
Akafuata Sreejith wa uhasibu, ngoma begani,
mshale wangu ukaruka hadi kwenye nyekundu.
Nikapunguza. Akanikata jicho: hii haipunguzwi, dada.
Nikarudisha. Masikio yangu yanajua gharama.

Mwalimu Muatasim, mtu wa Omdurman,
alikaa na udi wake uliokwisha kazwa
akautazama,
akasema: leo mikono imekataa.
Akainuka.
Niliacha kipaza sauti wazi kwenye kiti kitupu,
sijui kwa nini. Dakika nzima.
Kilinasa pumzi ya ukumbi.

Namba sita: leiwa, vijana wa hapahapa.
Sarhan wa mwaka wa kwanza anaburuta pipa la ngozi
kubwa kumshinda, na mimi, karatasi mkononi,
namwuliza kwa Kiarabu changu cha sokoni:
hii niiandikeje?
Akasema, Msondo.
Nini?
Msondo, akarudia polepole, kwa upole,
kama unavyomfundisha mgeni jina la tunda.
Na ile ndogo?
Chapuo.

Mimi wa Tanga. Nafundishwa msondo.
Nikaandika kwenye utepe, mwandiko ukaninywea.

Zumari likatoboa hewa, duara likageuka,
miguu ikajua njia bila kuuliza.
Katika visikizi vyangu kila kinywa kilikuwa peke yake,
na vinywa vile viliimba maneno yaliyosuguka
kama kizingiti cha nyumba iliyohamwa:
huoni tena nakshi, unaona tu pamekanyagwa.
Nikashika mkia wa neno, likaponyoka.
Nikashika jingine. Yawezekana ni maji.
Yawezekana ni mwaji, jina la mtu,
au ni sauti tu ya koo lililokuwa na kiu
kabla ya yeyote humu kuzaliwa.

Baadaye, ukumbi ukinuka karafuu na zulia la plastiki,
Sarhan akaja na birauli la chai ya maziwa.
Walimwambia mimi ni mtu wa lugha ile.
Akauliza: tunasema nini?
Bibi alituimbisha, hakutuambia.

Tukairudia rekodi mara tatu, kila mmoja sikio moja.
Ningeweza kumtungia. Nani angenikamata?
Nikamwambia, neno moja nina hakika nalo.
Hapa, baada ya zumari. Kesho.
Maana yake? Siku ya pili yake, nikasema,
ile ambayo haijafika.
Na mengine?
Mengine sijui. Yamekuwa yenu.

Akalirudia midomoni mwake, kesho, kesho,
kama mtu anayejaribu ufunguo.

Asubuhi nilikuwa nakunja nyaya.
Ile ain nikaikuta chini ya kiti cha mstari wa mbele,
imejikunja, gundi imejaa vumbi.
Nikaitia mfukoni, si kwa sababu.
Sarhan akapita mlangoni, vitabu kwapani, akachelewa somo,
akainua mkono kutoka mbali, akapaza sauti
kama vile ni salamu:
Kesho!

Nami, ningefanyaje,
nikaitikia: Kesho.