Masharti ya Upanga wa Gerezani

Kaa kwanza, Chambuso. Usiushike.
Baba aliufua kwa kipande cha reli kuukuu,
akaupoza kwa maji ya Msimbazi, mwaka ule
mto ulipopanda ukalala kwenye vitanda vya watu wa Jangwani.
Ndiyo maana hata ukiupaka mafuta unanuka tope.

Mtaani wameukuza mno.
Eti unapasua radi. Eti ukichomolewa Keko
mtu anavuja damu Mbagala.
Uongo. Hauwezi hata kamba ya katani
mpaka anayeushika aseme jambo la kweli
alilolificha, na limuume kulitoa.
Hapo utaona makali yanatambaa toka mpinini hadi nchani,
polepole, kama mafuta yapandavyo utambi.
Kweli moja, pigo moja.
Ukiirudia ileile, umeshika mwiko.

Kweli ndogo? Zipo.
Niliwahi kukiri kwamba napunja misumari kwenye mizani.
Ukakata bomba la inchi moja, ukachoka.

Siri ya mwenzako haihesabiwi.
Mzee Mindu alijaribu. Usiku Kitu kilipotoka karavatini
alisimama akaanza kutaja ya mkewe,
ya shemeji, ya mjumbe wa nyumba kumi.
Kitu kikamsikiliza hadi mwisho, maana kinapenda umbea,
kisha kikammeza na viatu vyake.

Lakini aliyenitisha zaidi ni Ngwale.
Huyo alikuwa mpiganaji hasa.
Akapiga, akakiri, akapiga, akakiri, masika mawili,
mpaka moyo wake ukabaki kama sahani iliyooshwa:
mtu mwema kuliko wote Gerezani, na hana silaha.
Basi akaanza kutenda maovu ili apate ya kusema.
Akaiba sadaka. Akamfukuza mpangaji mwenye mimba.
Akayabeba hayo vitani, akayasema kwa sauti,
na upanga haukutikisika.
Ovu la kuagiza, baba alisema, ni mkaa mbichi:
moshi tele, chuma hakiivi.
Tulimzika Ngwale mkono mmoja tu.

Hayo ndiyo masharti. Hakuna zindiko, hakuna kuku mwekundu.
Watu huuliza silaha inaua nini,
hawaulizi inakula nini.
Hii inakula aibu,
na aibu ya mtu ina kibaba chake.

Zangu nilizimaliza mwaka juzi, usiku mmoja, pale darajani,
watu wako juu ya mabati wananisikia.
Niliwaokoa, ndiyo.
Na tangu siku ile muuza mkaa
hanikopeshi hata debe.

Imebaki moja.
Miaka kumi na mitatu nimeitunza kama akiba ya msiba.
Ukipita karibu, upanga unalia ukutani,
nami nakwambia ni panya.

Sasa giza limefika hadi Kigogo, na mbwa wote wamenyamaza.
Unasikia? Hiyo si mvua.
Ni karavati linakohoa.
Nipishe. Simama nyuma yangu, lakini usiende mbali.
Kuna sharti moja sikulitaja:
kweli ya namna hii
haikati mpaka mwenyewe aisikie.

Chambuso, mwanangu wa kaka,
ile barua ya kukuita kidato cha kwanza,
ile tuliyosema ilipotelea posta,
uliyoifuata kila Jumatatu kwa miguu
mpaka karani akakujua kwa jina,
haikupotea.
Baba alikuwa keshalala kitandani,
mvukuto ulihitaji mikono, na mikono ilikuwa yako.
Niliwashia tanuri.

Usiniangalie mimi.
Angalia makali.