Kilima cha Kokoto

Kwenye bango mtaa wetu unaitwa Vilima Saba.
Nimehesabu. Hakuna hata kimoja.
Kamulu hii ni bapa kama sinia,
udongo mweusi, nyufa za kiangazi
zinazomeza mpira wa mtoto na kiatu cha mgeni.

Ukutani sebuleni, chini ya swichi,
fundi alituachia tundu na kibomba cheupe:
"Hapa, mama, ndipo mkonga utakapotokea."
Mwaka wa tatu sasa.
Wahenga walisema ndovu hashindwi na mkonga wake;
wetu alipita usiku, akaacha tundu la pua tu,
na puani wamehamia sisimizi.
Wao wana barabara. Wao wanapelekeana habari.

Hati ninayo. Naificha ndani ya sufuria ya pilau
panya wasije wakaitafuna miaka kumi na mmoja ya chama.
Lami inaishia pale langoni,
pale gari la wanunuzi wapya hugeuzia.

Kilima pekee ni cha kokoto.
Mkandarasi alizibwaga, lori nne, mbele ya ploti arobaini na moja,
akasema anakwenda kutafuta maji.
Bosibori ndiye aliyegundua:
alikuwa akifukuza kuku aliyepanda juu,
simu ikamtetemeka mfukoni mara kumi na saba,
salamu za wiki nzima
na tanzia moja, marehemu ameshazikwa.

Tangu hapo, jioni tunapanda.
Kuna foleni, na foleni ina adabu zake:
mtu akiongea na benki
wengine tunageuka kutazama Kilimambogo kwa mbali.
Wafubwa huomba mkopo kwa Kiswahili sanifu.
Mimi huinua kompyuta kama mtu anayebatiza mtoto,
natuma kurasa ninazowapigia taipu watu wa ng'ambo
wanaodhani nina ofisi.
Juu ya kokoto hizi nimejua nani anadaiwa,
nani mkewe yuko Doha na hapokei.
Kule Umoja nilikaa miaka tisa, ukuta kwa ukuta,
mtandao tele,
sikujua jina la aliyekuwa akikohoa upande wa pili.

Kisha mvua za Aprili.
Saa nane usiku Syokau akashikwa na uchungu.
Gari la Abdinasir lilikwenda urefu wa nyumba mbili,
likazama mpaka tumboni.
Tulipiga simu kutoka kileleni:
mwenye trekta alisema asubuhi.

Hakuna aliyetoa amri.
Wafubwa alileta karai. Bosibori, beseni la kuogea.
Mimi ndoo ya kupigia deki.
Tukakibomoa kilima chetu gizani,
tukakimwaga kwenye matope,
karai la salamu, karai la mishahara,
mpaka tairi likauma kitu kigumu,
taa nyekundu zikayumba, zikanyooka, zikaenda.

Kulipokucha kilima kilikuwa cha magotini.
Tulipanda hata hivyo, kwa mazoea,
watu wazima juu ya mawe kimo cha jiko,
mikono hewani.
Wapi.
Ila tuna barabara, hatua thelathini,
haitoki popote, haifiki popote,
ngumu ajabu chini ya kiatu.

Hatukujua kama ni mvulana. Hatukujua kama ni mzima.
Tukangoja kama walivyongoja bibi zetu,
kwa kutazama njia.
Saa tisa alasiri Abdinasir akatokea kwa miguu,
viatu mkononi, suruali imekunjwa,
akafika penye kokoto zetu, akasimama,
akainua vidole viwili.

Bosibori akaitoa simu yake haraka, akaikagua.
"Viwili?" akauliza. "Mbona mimi sina hata kimoja?"
Ndipo Abdinasir akaanza kucheka,
akaweka viatu chini,
akatuonyesha kwa mikono
jinsi wanavyolala, kichwa huku, kichwa kule.