Mkono wa Kushoto wa Malaika

Usipoziba ufa utajenga ukuta,
lakini mimi nalipwa kuupanua ufa,
kuuchokonoa kwa kisu chembamba cha mpasuaji
mpaka ukuta wenyewe uanze kusema.

Jumba la akina Malaspera, Cremona, orofa ya pili.
Februari. Ukungu wa mto Po umelala madirishani
na hita ya mafuta inakohoa kumshinda mzee Nevio, fundi lipu,
aliyestaafu mara mbili na hataki kusikia.
Tunakula mkate na jibini juu ya jukwaa, miguu ikining'inia,
vumbi la watu wa kale likituingia mdomoni kama chumvi.

Kwanza ilitoka rangi ya kijani, ya ofisi ya kodi.
Chini yake krimu, na matundu ya misumari ya waya wa simu.
Chini yake chokaa, chokaa tupu, nzito kama uji uliolala,
iliyopakwa harakaharaka na mtu asiyependa malaika.

Maana malaika alikuwepo.
Alichungulia kwa jicho moja, Jumanne, saa nne na robo,
jicho la kahawia lenye usingizi wa miaka mia tatu.

Nikamsafisha kwa mate.
Usicheke. Dawa za dukani hazijayashinda mate:
kijiti, pamba, ulimi, kisha viduara vidogo, polepole,
na masizi ya mishumaa yanaachia shavu.
Wiki tano nimemlamba hivyo, kama paka na mwanawe.

Bawa. Bega. Mkunjo wa joho, bluu ya gharama.
Mwenye jumba akapiga simu kutoka Milano:
"Na mkono wa kushoto je? Pasaka nina wageni."

Mkono wa kushoto ulishuka kuelekea sakafuni,
bado chini ya chokaa,
na juu ya chokaa hiyo, kwa penseli, palikuwa na vistari,
majina, tarakimu.
Ines 98. Duilio 104.
Duilio tena, 105 na nusu.
Fiorenza 112, na pembeni: *asimame vizuri.*

Baridi ya mwaka arobaini na nne.
Watoto waliokimbizwa mabomu, magodoro ukutani hadi ukutani,
na mtu fulani, sijui nani, aliyeona ni lazima wapimwe urefu
wakati mkate ulipimwa kwa gramu.

Kisu kikasimama.
Kumtoa malaika ni kumfuta Duilio.
Kumwacha Duilio ni kumkata malaika mkono.
Shuleni walinifundisha asidi, gundi, karatasi za Kijapani.
Hili hawakunifundisha.

Nevio alishuka jukwaani bila kuitwa.
Akasoma, midomo ikicheza. Akavua kofia,
akageuka, mgongo ukutani, akachuchumaa,
magoti yakialika,
mpaka utosi wake ukawa sawa na kistari cha chini kabisa.
"Alikuwa dada yangu," akasema. "Hakufika mia.
Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, nikarithi godoro."

Hita ikakohoa.
Nilimpa mkono akainuka.

Jioni niliandika ripoti:
*mkono wa kushoto, haukupatikana.*
Nevio aliisoma juu ya bega langu,
akanionyesha neno moja nililokosea herufi,
kisha akarudi kukoroga chokaa yake.